Mbwa wa jirani amekuulia mbuzi? Achana na sumu, dai pesa yako

Wacha niseme mapema ili tusikosane baadaye: sina shida na mbwa. Nyumbani tumewahi kufuga wawili, na nililia mmoja wao alipogongwa na matatu. Shida yangu ni mtu mzima anayefuga mbwa watatu, anawafungulia geti saa nne usiku eti wapunge hewa, halafu asubuhi akiulizwa kuhusu mbuzi waliokufa kwa jirani anasema mbwa wake huwa hawatoki.

Unamjua huyu mtu. Kama unaishi Ruai, Kamulu, Joska, Kitengela, Rongai, Juja au pembe nyingine yoyote ambako jiji limeingia shambani bila kubisha hodi, yuko mtaani kwako. Ana ploti ya hamsini kwa mia, ukuta upande wa barabara pekee kwa sababu pesa ziliishia hapo, na kule nyuma ni nyaya tatu zilizolegea. Mbwa wake wana majina makubwa: Simba, Bosco, Tiger. Chakula ndicho hawana.

Na upande wa pili wa zile nyaya ndiko uliko wewe, kijana uliyeambiwa ujiajiri. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na nina marafiki waliomaliza na digrii zao wanashinda nyumbani vilevile, kwa hivyo hapa hatuchekani. Ukaweka akiba ya vibarua, ukakopa kidogo kwenye chama cha mama, ukanunua mbuzi wanne na kuku ishirini, ukapigilia kibanda cha mbao na mabati nyuma ya nyumba. Mbuzi wa kawaida wa kienyeji ni Sh8,000, wengine Sh10,000 na zaidi akiwa jike mzuri. Ukiwa na wanne unakaribia Sh40,000. Hiyo ndiyo benki yako. Haina askari, haina bima, na inalala nje.

Halafu inatosha usiku mmoja.

Mbwa mmoja peke yake kwa kawaida ana adabu. Wakiwa wawili au watatu mambo hubadilika. Mmoja anaanza kufukuza, mbuzi anakimbia, na yule anayekimbia ndiye anayewaamsha wengine. Mara nyingi si njaa inayowasukuma, ni mchezo. Ndiyo maana asubuhi unakuta mbuzi watatu wameraruliwa na hakuna hata mmoja aliyeliwa. Hilo linauma kuliko kama wangekula, manake angalau ungesema walikuwa na njaa. Kuku nao, hata wale ambao hawakuguswa, wanaweza kuacha kutaga kwa siku kadhaa kwa ile hofu. Sungura anaweza kufa kwa mshtuko tu bila jino kumgusa. Mbuzi mwenye mimba aliyekimbizwa usiku kucha anaweza kutupa mimba siku kadhaa baadaye, na hapo hakuna atakayekubali kwamba ni kazi ya mbwa.

Jifunze kusoma alama, kwa sababu jirani atakuambia ni fisi. Pande za Athi na Kitengela fisi wapo kweli, kwa hivyo huo si uongo wa kipuuzi. Lakini fisi anakula, tena anatafuna mpaka mfupa. Chui hushika kooni na kwa kawaida humburuta mmoja akaenda zake. Mbwa wa mtaani hung'ata huku na kule: miguu ya nyuma, mkia, masikio, shingo. Wengi wamejeruhiwa, wachache wamekufa, nyama bado ipo. Nyayo za mbwa zina alama za kucha mbele, za chui hazina, kwa sababu paka hukunja kucha anapotembea. Piga picha kabla mvua haijanyesha na kabla majirani hawajaja kukanyaga kanyaga wakikupa pole.

Kando kidogo. Kitengela hiyo hiyo ndiko alikotoka Richard Turere, yule mvulana aliyetengeneza taa za kumetameta kwa betri, sola na kifaa cha indiketa za pikipiki ili simba wa Mbuga ya Nairobi wasivamie zizi la baba yake. Mwaka 2013 akapanda jukwaa la TED huko Marekani akawaeleza wazungu. Taa zile ziliwatisha simba. Bosco wa jirani hazitamtisha, manake amezaliwa chini ya taa ya barabarani.

Turudi kwa mwenye mbwa, kwa sababu huyu ndiye ninayetaka kuzungumza juu yake. Mwulize kwa nini anawaacha nje usiku, atakujibu neno moja: usalama. Wezi ni wengi. Na ni kweli wezi ni wengi, mimi mwenyewe nimeibiwa simu mbili na mtungi wa gesi. Lakini tumia akili kidogo. Mbwa aliye kwenye zizi langu saa tisa usiku halindi nyumba yako. Amekuachia geti wazi akaja kwangu kucheza. Askari wa kampuni ungemlipa kila mwezi, ungemnunulia hata koti la mvua. Mbwa umempata bure kwa rafiki, unampa makoko ya ugali, halafu usiku unamtuma mtaani akajitafutie. Gharama ya ulinzi wako nimeilipa mimi, kwa mbuzi.

Kwa hivyo tuache kuliita jambo hili "ajali" au "mambo ya wanyama". Ni deni. Mtu amebana matumizi upande wake na bili imekuja upande wako. Sisi vijana wa mjini ni hodari sana wa kudai vitu mtandaoni, lakini kumwendea mtu mzima tukamwambia "mzee, una deni langu" tunaona kama matusi. Ndiyo maana huwa tunachagua kati ya njia tatu mbovu: kunyamaza, kurusha maneno kwenye kundi la WhatsApp la mtaa saa sita usiku, au sumu.

Ya kunyamaza naiacha, unaijua. Ya WhatsApp pia. Utapata emoji za machozi kumi na tano, mtu mmoja atasema "hii mtaa imeoza", mwingine ataweka tangazo la kuuza sofa, basi.

Sumu ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu nimesikia wasee wengi wakiizungumzia kama mzaha na najua si mzaha. Unanunua dawa ya wadudu au ya panya kwa agrovet, unapaka kwenye matumbo ya kuku, unatupa kando ya njia. Fikiria nani hupita njia hiyo. Kuku wako mwenyewe. Paka wa mama wa kando. Mtoto wa miaka mitatu anayeokota kila kitu na kutia mdomoni. Desemba 2015 kule Maasai Mara, kundi la simba lililojulikana duniani kote kwa filamu za BBC lilikula mzoga wa ng'ombe uliowekwa sumu na wafugaji waliokuwa na hasira kama yako. Alikufa simba jike aliyeitwa Bibi, na tai waliokuja kula mabaki nao wakafa. Wafugaji wale walikuwa wamepoteza ng'ombe kweli. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini baada ya sumu, nani alizungumza tena kuhusu ng'ombe wao? Watu walikamatwa, na habari ikawa simba.

Kwako itakuwa hivyo hivyo kwa kiwango cha mtaa. Mbwa ni mali ya mtu. Kumuua kwa makusudi bila haki kunaingia kwenye Kanuni za Adhabu, na kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360. Jana ulikuwa mwenye kudai, leo wewe ndiye unayeandikishwa taarifa kituoni. Jirani anapata machozi ya mtaa mzima, na mbuzi wako wanasahaulika kabla hawajaoza. Tena mbwa wenyewe hawaishi. Ukiua watatu, mwezi ujao atachukua vibwa wengine kwa rafiki, bure vilevile, na atawalea vilevile. Hujabadilisha kitu isipokuwa sasa una adui.

Kinachobadilisha mtu ni kulipa. Hilo nimeliona kwa macho.

Mimi na binamu yangu tuna mbuzi kule Joska, kwa shangazi. Mwaka jana mbwa waliingia usiku, wakaua mmoja papo hapo, wa pili akafa siku ya nne, wa tatu akabaki na sikio nusu. Mwenye mbwa ni mzee mstaafu, mtu wa heshima, anayesalimiwa na kila mtu. Kabla ya hapo alikuwa ameombwa mara tatu awafunge na mara tatu amesema sawa. Binamu alitaka kwenda na panga. Shangazi akamwambia aliweke, avae shati safi, na tusubiri kupambazuke vizuri. Tukaenda saa mbili asubuhi, sisi wawili na yeye mbele.

"Hodi hapa."

"Karibuni, karibuni. Mama, mbona mapema na vijana?"

"Tumekuja na neno, Baba. Si neno zuri."

Shangazi akaeleza bila kupaza sauti. Mzee akatikisa kichwa, akasema pole sana, ila mbwa wake hawatoki, pengine ni wale koko wa sokoni. Shangazi akasema, "Baba, hatukuja kugombana. Tumekuja kwa sababu wewe ni jirani, hatukwenda kwingine kwanza. Hebu mwangalie huyu mwenye kola nyekundu, utuambie ni wa nani." Akampa simu. Picha ilikuwa mbaya, tochi na kiza, lakini kola ilionekana. Mzee akaitazama muda mrefu. Halafu akauliza, "Sasa mnataka nini?"

Sasa hapo, msomaji, ndipo wengi wetu huanguka. Umeshashinda, mtu amekubali, na wewe kwa aibu unasema, "Ah, mzee, wewe wafunge tu." Unaondoka na pole. Shangazi alikuwa ameandika kwenye karatasi ya daftari: mbuzi mmoja Sh9,000, wa pili Sh8,500, daktari Sh2,500, jumla Sh20,000. Mzee alicheka, akasema hiyo ni bei ya ng'ombe. Hatukubishana. Tulimwambia tutamwita mzee wa mtaa atusaidie kuhesabu, na jioni yake tukakaa chini ya mti wake. Wakakubaliana Sh16,000 kwa awamu tatu, ikaandikwa, tukatia sahihi sote. Elfu sita ya kwanza iliingia kwa M-Pesa Jumamosi hiyo. Ya tatu ilichelewa wiki tatu na ilibidi shangazi ampigie simu, lakini iliingia.

Minyororo ilinunuliwa wiki ile ile ya malipo ya kwanza. Maombi matatu ya adabu hayakuwafunga mbwa wale. Elfu sita iliwafunga.

Angalia mambo yaliyofanya kazi pale, kwa sababu hayakuja kwa bahati. Tulienda mchana. Tulienda na mtu wa rika lake, manake kijana wa miaka 24 akisimama getini kwa mstaafu na kuanza kudai pesa, hata akiwa na haki, mazungumzo yatageuka kuwa ya adabu zake badala ya mbuzi. Tulikuwa na picha. Bei yetu ilikuwa ya soko, si ya hasira. Ukidai kila mtoto ambaye mbuzi wako angezaa mpaka mwaka 2035, utachekwa na utastahili. Na yaliandikwa. Makubaliano ya mdomo huisha mdomoni.

Je, kama jirani wako si mzee wa kuzungumzika? Yupo yule wa "nenda popote unapotaka". Basi nenda. Kwanza mzee wa mtaa au watu wa Nyumba Kumi, kisha ofisi ya naibu wa chifu. Si kuomba huruma huko. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inasema upatanishi na njia za jadi za kutatua migogoro zinafaa kuendelezwa, kwa hivyo kikao chini ya mti si mchezo wa wazee. Andikisha kituoni upate namba ya OB, hasa kama mbwa hao wameshawahi kumkimbiza au kumng'ata mtu. Kifungu cha 243 cha Kanuni za Adhabu kinamgusa mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya mnyama wake hadi akahatarisha wengine. Mwambie hilo kwa upole. Watu wengi hawajawahi kulisikia.

Ikishindikana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani Aprili 2021 na tangu hapo zimefunguliwa katika miji kadhaa. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Usiogope jina mahakama. Unachohitaji ni vile vile ulivyokuwa navyo getini: picha zenye tarehe, barua ya daktari wa mifugo, risiti, jina la shahidi, na ushahidi kwamba uliomba ulipwe ukakataliwa. Ujumbe mmoja mfupi wa simu uliomtumia jirani kwa heshima ukimweleza hasara yako unaweza kukusaidia kuliko kelele za mwezi mzima. Hata mbuzi akifa, usimzike kabla daktari hajamwona na kuandika. Najua ni kazi. Lakini mtu akikugongea pikipiki yako ungefanya haya yote kabla ya chai.

Kuna upande wa kaunti pia, na hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Fungua Katiba, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, majukumu ya kaunti. Utakuta udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo kutoa leseni za mbwa. Imeandikwa kabisa, neno mbwa limo ndani ya Katiba ya 2010. Sasa niambie, tangu ugatuzi uanze 2013, umewahi kumwona mbwa mwenye leseni mtaani kwako? Mwenye kioski analipa leseni. Mama mboga anasumbuliwa na askari wa kaunti kwa meza ya futi tatu. Lakini mtu anaweza kufuga mbwa saba wanaotembea barabarani kama madiwani, na hakuna anayemwuliza hata majina yao. Leseni ingemaanisha kwamba mbwa ana mwenyewe kwenye daftari, na lile jibu la "huyo si wangu" lingekufa siku hiyo hiyo. Wakija kuomba kura 2027 waulize hili. Watacheka, waache wacheke, kisha uliza tena.

Na si mbuzi peke yao walio hatarini. Kichaa cha mbwa kiko Kenya tangu kilipothibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Serikali ilizindua mpango mwaka 2014 wa kukimaliza kwa binadamu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 7 kati ya 10, kila mwaka. Takriban visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza mtu huyo karibu hakika atakufa. Kwa hivyo ukiumwa ukijaribu kuokoa mbuzi wako, usijifanye mgumu. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umalize dozi zote za chanjo hata kama kidonda kimepona.

Mbuzi naye akiumwa, usikimbilie kisu. Najua ile hesabu ya haraka, eti tumchinje kabla hajafa tuokoe nyama. Kama mbwa hajulikani au alikuwa na tabia za ajabu, mwite daktari wa mifugo kwanza na umtenge mbuzi. Vidonda vya meno ya mbwa vinadanganya. Nje ni tundu dogo, ndani nyama imesagika, na ndiyo maana yule wetu wa pili alikufa siku ya nne alipoonekana ameanza kula vizuri. Osha, usifunge kwa nguvu, mpe daktari kazi yake. Na ukiona wiki kadhaa baadaye mnyama anatokwa na mate kama aliyekwama na kitu kooni, usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Wafugaji wengi wamejiweka hatarini hivyo. Mtenge, usimkamue, usimchinje, ita ofisi ya mifugo.

Sasa najua kuna mtu anasoma hapa ananung'unika: nani alikuambia ufuge mbuzi mjini? Swali halali. Kama unaishi ploti ya kupanga na keateka amesema hakuna mifugo, huna kesi, una shida na keateka. Kama mbuzi wako ndio wanaozurura na kula sukuma za watu, mbwa akiwakuta barabarani utaenda kwa jirani na nusu ya haki. Zizi lako liwe na mlango unaofungika. Mbwa hupenda kupita chini kuliko juu, kwa hivyo laza kipande cha waya wa kuku chini upande wa nje wa ua na uweke mawe juu yake, akichimba anakutana nao. Ukiwa na subira, panda kayaba, miiba yake haina mchezo. Lakini mbuzi wakiwa ndani ya ua wako, kwenye ardhi ambako wameruhusiwa, na mbwa ndiye aliyevuka mpaka, usikubali kuhukumiwa kwa kufuga. Nairobi yenyewe ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015. Mayai na maziwa mnayokunywa na chai hayashuki kutoka supamaketi.

Na wewe mwenye mbwa, maana najua umesoma mpaka hapa ukisubiri nikutukane. Sitakutukana. Mbwa anayefungwa mchana kivulini, akashiba, akaachiliwa usiku ndani ya ua uliozibwa, atabweka mwizi akipita, na hilo ndilo ulilotaka tangu mwanzo. Kama huwezi kuziba ua sasa, nyosha waya mrefu kutoka nguzo moja hadi nyingine na mnyororo uteleze juu yake, atembee bila kutoka. Fuga mmoja unayeweza kumlisha badala ya wanne wanaojilisha kwangu. Nenda kwa afisa wa mifugo wa wadi uulize chanjo ijayo ni lini, na siku hiyo uwapeleke wote, hata yule koko mweupe anayelala chini ya gari lako kila siku na ambaye ukiulizwa unasema si wako.